Gari la Wazi la Kiwandani

Mtu wa Placetas, mji wa Kuba, akikuuzia gari la zamani hakudanganyi. Atakuapia kwa mama yake mzazi, atakushika bega, atakunywa kahawa yako mpaka machicha, na kila neno litakalomtoka litakuwa la kweli ukilipima peke yake. Balaa huanza ukiyapanga maneno yote pamoja, ukapanda juu yake na kutaka yakufikishe mahali.

Reinerio Cabeza alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kabla ya kuingia kwenye magari alikuwa mtangazaji wa uwanja wa besiboli, na alipoacha kazi aliondoka na sauti ya uwanja. Jumapili mchana, watu wakiwa bado wanapangusa midomo ya wali na maharage meusi, alisimamisha mbele ya nyumba ya Hermelinda gari refu la buluu lisilo na paa, vyuma vyake vinameta hata mbwa wa jirani alijiona kwenye bampa akaanza kujibwekea.

"Chevrolet ya mwaka hamsini na tano!" alitangaza, ingawa waliomsikiliza walikuwa watu watatu tu, tena wako hatua chache kutoka aliposimama. "Gari la wazi! Na siyo haya makopo ya mtaani, mtu kakata paa kwa msumeno uani kwake halafu anakwambia ni la harusi. Hili limetoka kiwandani halina paa. Kiwandani, mabibi na mabwana!"

"Kiwandani," Yosbel alirudia, kama mtu anayeitikia sala.

Yosbel alikuwa mtoto wa pekee wa Hermelinda, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha sukari nje ya mji. Kiwanda kilikuwa kimesimama, miwa hakuna, na mafundi walibakizwa kulinda mitambo isiibwe. Waliilinda vizuri sana. Aliyetaka kuiba ilibidi awaombe wao. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kununulia mayai, na mwezi ukiwa mrefu, wa kuyatazama. Ndipo Yosbel akaota gari la wazi. Placetas nzima, binti akitimiza miaka kumi na tano, hata kama kwao wanalala na chai, lazima azungushwe mjini na gauni lake la kumwagika, amekaa juu ya mgongo wa siti, anapunga mkono. Shangazi wa Miami ndiye anayelipa, na analipa kwa dola. Mwenye gari la wazi hakosi kazi Jumamosi.

Mpango ulikuwa umeshazungumzwa. Reinerio angetoa gari pamoja na chumba chake kimoja kilichoko juu ya duka la mikate. Hermelinda angetoa nyumba: vyumba viwili, sebule, paa la vigae, ua wenye mpera. Nyumba aliachiwa na marehemu mumewe Abelardo, na bila sahihi yake hata tofali lisingehama.

Mtu wa tatu pale barazani alikuwa Idalmis, mke wa Yosbel. Hakuna aliyemuuliza lolote. Yeye alitengeneza vibonge vitamu vya mapera na kuviuza kupitia dirisha la sebule, na kwa miaka ya kukaa dirishani alikuwa amezoea kutazama watu bila wao kujiona wanatazamwa. Alileta kahawa, ile ya mgao ambayo nusu yake ni njegere zilizokaangwa, akasimama na sinia. Akilini alikuwa ameshafika chumba cha juu ya mikate: kitanda chao, pazia, kitanda cha mama mkwe. Na dirisha linalotazama ukuta.

"Hebu niambie, mama Hermelinda," Reinerio aliinama mbele ya kiti cha bembea cha bibi. "Wewe uliolewa lini?"

"Sabini na moja."

"Na mlizungushwa mjini?"

"Kwa gari la wazi. Kodi alilipa marehemu, aliuza baiskeli yake."

"La rangi gani?"

"Jekundu. Jekundu kama pilipili."

Reinerio alivua kofia. Aliligeukia gari, akamgeukia bibi, akaligeukia tena gari, na macho yake yakalowa kidogo, kwa kiasi.

"Hili," alisema kwa sauti ya chini ambayo bado ilisikika ng'ambo ya barabara, "lilikuwa jekundu."

Hermelinda aliweka mkono kifuani. "Usiniambie!"

"Sikuambii. Mimi ni nani wa kukuambia? Moyo wako ndio unaokuambia."

Idalmis aliona jambo dogo. Reinerio hakusema chochote kabla ya kuuliza. Aliuliza kwanza, akapewa jibu, ndipo jibu lile lile akamrudishia mwenyewe limefungwa utepe.

"Nawaachia gari mpaka Ijumaa," Reinerio alisema akiaga. "Lilalieni, litazameni, lipekueni. Mtu mwenye la kuficha haachi gari."

Aliacha na ufunguo kabisa. Petroli hakuacha. Ilibainika jioni, Yosbel alipotaka kumzungusha mama yake mtaani, gari likakohoa mara moja kwa heshima na kunyamaza.

*

Jumatatu, Idalmis alibandua sumaku kwenye mlango wa jokofu. Ilikuwa na umbo la nanasi, na ilikuwa inashikilia picha ya binamu yao akiwa Miami amesimama kando ya gari la mtu mwingine. Aliifuta, akatoka nje.

Kila mtu mtaani alijua kazi ya sumaku. Pakiwa na bati inashika. Pakiwa na puti, ile tope ngumu ya mafundi ya kuzibia mashimo, inaanguka. Kwenye boneti nanasi lilishika. Kwenye milango ya mbele likashika nusu nusu, likateleza taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Ubavuni, nyuma ya mlango wa dereva, lilianguka. Akaliokota, akasogeza mkono. Likaanguka. Upande wa pili vilevile.

"Unatafuta nini, wewe mwanamke?" Yosbel alikuwa kwenye ngazi ya baraza, kikombe mkononi.

"Bati."

"Sumaku yenyewe ya Kichina."

"Mbona kwenye jokofu inashika?"

"Jokofu nalo la Kichina. Wanajuana."

Jirani mmoja alicheka ukutani. Yosbel, ambaye hakuwa mjinga ila alikuwa na hamu, na hamu humfanyia mtu kazi ile ile, alishuka akaichukua sumaku na kuibandika mwenyewe. Ikaanguka. Akaipuliza, akaibandika tena. Ikamwangukia kwenye kidole cha mguu.

Jioni Reinerio alipopita kutazama nyumba, Yosbel alimweleza. Reinerio hakubadilika hata ukope.

"Ndugu yangu, chuma cha siku zile kilikuwa safi. Sumaku inashika uchafu uliomo kwenye chuma. Chuma kikiwa safi kabisa, inashika nini?"

"Umeona?" Yosbel alimwambia mkewe.

"Nimeona," Idalmis alisema. Akakwangua kwa ukucha mahali chini ya taa ya nyuma ambapo rangi ilikuwa imeinuka. Buluu ilitoka. Chini yake kijani. Chini ya kijani, kijivu. "Ila nyekundu siioni, bwana Reinerio."

"Nyekundu ilisuguliwa yote, bibie. Mimi nikipiga msasa, napiga msasa. Sifanyi kazi nusu nusu."

Kisha akaomba ruhusa kuingia ndani, maana na yeye alikuwa mnunuzi. Alitembea sebuleni mikono nyuma, akatazama juu. Boriti tatu zilibeba paa. Hermelinda alimwambia zote ni za mwerezi, za tangu babu yake Abelardo. Reinerio alipanda kiti, akaigonga ya kwanza kwa kifundo cha kidole. Ikalia ko, ko. Akaigonga ya tatu. Ko, ko. Ya katikati ikalia pu.

Yosbel alitazama viatu vyake. Mchwa walikuwa wamemaliza kiini cha boriti ile, na yeye mwenyewe ndiye aliyeijaza na kuipaka rangi ya mbao. Alitumia puti.

"Mwerezi," Reinerio alisema, akashuka kwenye kiti na kujifuta kidole. "Mwerezi mtupu."

*

Jumanne mvua ilinyesha alasiri nzima. Gari lisilo na paa lilijaa maji kama beseni, na Idalmis akatumwa kuyachota, kwa kuwa Yosbel alikuwa amekwenda kiwandani kulinda. Alichota kwa kopo, akang'oa zulia la nyuma ili likauke, na chini ya zulia, pale ubavu unapokutana na sakafu, akaona mchomeleo.

Yosbel anatumia mkono wa kushoto. Mchomeleo wa watu wengine hulalia upande mmoja; wake hulalia upande wa pili, vifundo vidogo vidogo vinavyofuatana kama msuko wa nywele uliosukwa mbele ya kioo. Idalmis alikuwa akiuona kila siku. Ulikuwa kwenye nondo za dirisha lake. Ulikuwa kwenye kitanda chake. Sasa alikaa kwenye siti iliyolowa, kopo mkononi, akautazama ukipanda kutoka sakafuni, ukapinda, ukashuka, ukatimiza umbo la mlango.

Alingoja mumewe arudi, ale.

"Njoo unisaidie kurudisha zulia," alimwambia.

Yosbel aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko zulia linavyohitaji.

"Kazi ya nani hiyo?" Idalmis aliuliza.

"Ya fundi."

"Fundi wa mkono gani?"

Yosbel alikaa chini, kwenye ukingo wa barabara, matako kwenye maji. Kumbukumbu ilimjia kidogo kidogo, kama mtu anayeamka baada ya pombe, na kweli pombe ilikuwepo. Daktari wa meno kutoka Camajuaní. Alikuwa na gari la kijani, la milango minne, paa lake zima. Alilileta usiku karakana ya kiwanda cha sukari, na chupa za ramu, na mguu wa nguruwe. Alitaka gari la wazi, la milango miwili, la mabinti wa miaka kumi na tano. Miaka sita iliyopita. Yosbel alikata paa, akaziba milango ya nyuma, na asubuhi mlinzi akawafungulia geti.

"Kwa hiyo limetoka kiwandani halina paa," Idalmis alisema. "Hajadanganya hata kidogo."

Yosbel alianza kucheka, akaacha, akapitisha kiganja kwenye mchomeleo. Na hapo Idalmis aliona jambo ambalo hakulitarajia: uso wa mumewe ulikuwa unachangamka.

"Lakini tazama, Ida. Miaka sita! Mvua, mashimo, wasichana na mashangazi zao juu. Haujaachia! Tazama ulivyonyooka! Na nilikuwa nimelewa."

"Yosbel."

"Nisingekuwa nimelewa, hebu fikiria."

"Yosbel, hili silo gari la harusi ya mama. Mwaka sabini na moja lilikuwa na paa. Paa hilo umelikata wewe. Unampa mtu nyumba ya mama yako akurudishie kazi yako mwenyewe, uliyolipwa mguu wa nguruwe."

Yosbel akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie mama."

"Mwambie wewe."

"Nimwambie vipi? Tangu Jumapili anaimba bafuni. Umewahi kumsikia anaimba?"

Idalmis hakuwahi. Na alijua vilevile kwamba yeye akisema, itakuwa mkwe mwenye kijicho hataki bibi wa watu afurahi. Akakamua zulia, likatoa maji ya kijani.

*

Jumatano Yosbel alikwenda kumkabili Reinerio. Alikwenda amevimba, na Idalmis akaenda nyuma yake na sinia la vibonge vya mapera, kama anayepita kuuza. Walimkuta mlangoni pa duka la mikate.

"Kiwanda ulichosema," Yosbel alianza, "ni kiwanda cha sukari."

"Uliniuliza kiwanda gani?" Reinerio aliuliza kwa upole. "Ungeniuliza, ningekwambia. Mimi siwezi kumdanganya mtu."

"Mimi ndiye niliyelikata!"

Reinerio alirudi hatua moja. Akamtazama juu mpaka chini, kisha akafungua mikono kama aliyempata ndugu aliyepotea vitani.

"Wewe? Ule mchomeleo wako? Watu wa Santa Clara wameuliza, watu wa Trinidad wameuliza, nani huyu aliyefanya kazi hii, na mimi nasema sijui, atakuwa mzungu! Kumbe ni wewe! Sasa niambie, ndugu yangu, hapa Kuba nzima ni nani amewahi kununua gari lenye dhamana kama hiyo? Likipasuka, fundi anaishi ndani ya nyumba yako. Ni wewe!"

Yosbel alijaribu kubaki amevimba kwa hasira, lakini uvimbe ulikuwa umebadilika aina.

"Na tena," Reinerio aliongeza, sasa kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo Idalmis hakuwahi kuisikia, ndogo na kavu, "ile boriti yenu ya katikati niliigonga. Nikanyamaza. Waungwana wananyamaziana. Au siyo?"

Halafu akamgeukia Idalmis. "Bibie, hivyo vibonge ni mapera matupu?"

Vilikuwa na boga kidogo. Mapera yalikuwa adimu. Idalmis alifunika sinia akaondoka.

*

Ijumaa Hermelinda alivaa gauni la kijivu la lesi, akajipaka poda, akachomeka ua nyuma ya sikio. Alikuwa bibi mzito, magoti yake mabovu. Kumpandisha siti ya nyuma kulimhitaji Yosbel mbele akivuta na Idalmis nyuma akisukuma, siti ya mbele imekunjwa, mlango wa mbele umefunguliwa mpaka mwisho. Idalmis akakaa kando yake. Reinerio aliendesha, amevaa tai. Alikuwa ameleta petroli kwenye chupa ya soda.

Walizunguka bustani ya katikati ya mji mara mbili, honi inapigwa, watu wanatoka milangoni kumtafuta binti wa miaka kumi na tano na kumwona Hermelinda. Walipiga makofi hivyo hivyo. Hermelinda alipunga mkono. Alikuwa mwekundu mashavuni, na Idalmis, aliyekuwa ameamua kusema njiani, alifungua mdomo na kuufunga.

Mbele ya ofisi ya hati kulikuwa na foleni mpaka kona, na umeme ulikuwa umekatika. Bila umeme kompyuta hailali wala haiamki. Wakasubiri juani, ndani ya gari, kwa sababu Hermelinda alisema hapandi na kushuka mara mbili kwa siku moja. Watu wa foleni walilizunguka gari, wakalipapasa, wakamuuliza Reinerio maswali, naye aliwajibu wote kwa pamoja.

Sasa gari lililokatwa paa ni kama sanduku la viatu lisilo na kifuniko: ukilibebesha mzigo linapinda katikati. Barabara za mji zilikuwa zimelitikisa, watu wanne wazito walikuwa wamelikalia, na jua lilimalizia. Yosbel alipotaka kushuka anyooshe miguu, mlango wa mbele uligoma. Akasukuma kwa bega. Reinerio akajaribu wake. Nao umebanwa kama meno ya mtu mwenye kifafa.

"Hamna shida," Reinerio alisema, akaruka juu ya ubavu na tai yake. Yosbel akaruka naye. Foleni ikashangilia.

Hermelinda hakushangilia. Alimvuta Idalmis mkono, akamnong'oneza. Idalmis akanong'ona na Yosbel. Bibi alitaka choo. Alikuwa anataka tangu bustanini.

"Tutambeba!" alisema mtu wa foleni, akikunja mikono ya shati. "Wanaume wanne, huku wawili, huku wawili."

"Asinishike mtu!" Hermelinda alisema. "Nimepanda kama bibi harusi, sishushwi kama gunia la viazi mbele ya serikali."

Wakati huohuo umeme ukarudi. Karani mwanamke mwenye miwani alitoka mlangoni na makaratasi, akaita jina la Hermelinda. Akaelezwa. Alikuwa na njaa na foleni ndefu.

"Basi atie sahihi hapo hapo garini," alisema. "Mimi naona kwa macho yangu. Ni halali."

"Umesikia, mama?" Reinerio alichomoa kalamu mfukoni haraka kuliko mtu anavyotoa leso. "Hata kushuka haina haja. Sahihi moja, halafu tunakupeleka mpaka mlangoni pa choo cha nyumbani."

Karatasi ikawekwa juu ya ubavu wa buluu. Hermelinda alishika kalamu. Jasho lilikuwa limechora mifereji kwenye poda, na alikuwa amebana magoti kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa tayari kutia sahihi yoyote ambayo ingemfikisha chooni.

Idalmis hakumtazama karani wala Reinerio. Alimtazama mumewe.

"Yosbel," alisema, wala hakupaza sauti. "Mfungulie mama mlango."

"Imebana yote miwili, shoga," alisema mwanamke wa foleni. "Hujaona?"

Yosbel alikuwa ameona, na alikuwa amesikia. Alimtazama mama yake. Kisha akaenda nyuma, akafungua buti, maana gari la namna ile halitembei bila karakana nzima ndani ya buti, akatoa nyundo na patasi.

"Unafanya nini?" Reinerio aliuliza. "Wewe! Unafanya nini?"

Yosbel hakupima wala hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja mahali palipokuwa laini kama sahani, akaweka patasi, akapiga. Puti lilidondoka mapande mapande kama sukari ya juu ya keki. Mstari ulitokea. Akapiga chini, mahali pengine, mara mbili. Akapiga juu, mara moja. Alijua kila kifundo kilipo. Foleni ilinyoosha shingo, kwa kuwa walikuwa wanamwona mtu anayefungua ukuta na nyuma yake mlango unatokea. Alipomaliza kifundo cha mwisho, aliingiza vidole, akavuta kwa uzito wake wote. Chuma kililia. Mlango wa nyuma ukafunguka, kando ya Hermelinda, ukiwa bado wa kijani ndani.

Hermelinda alitoa mguu mmoja, wa pili, akasimama barabarani. Aliutazama mlango. Akamtazama mwanawe, nyundo mkononi, vumbi la puti kwenye kope.

"Yosbel, mwanangu," alisema. "Umejuaje kwamba hapa pana mlango?"

Hata karani alisogea kusikia.

"Niliuziba mimi, mama."

"Lini?"

"Miaka sita sasa."

"Na paa?"

"Na paa."

Hermelinda alitikisa kichwa taratibu, kama anayejumlisha. Akamrudishia Reinerio kalamu yake, akamshika mkwewe mkono, na wote wawili wakapita mbele ya foleni nzima kwenda choo cha ofisi. Hakuna aliyewaambia wapange mstari.

Alipotoka, karani alikuwa bado amesimama. "Sahihi, bibi?"

"Ya nini? Mimi nimeshashuka."

*

Wanawake wawili walirudi nyumbani kwa miguu, kivulini, pole pole kwa ajili ya magoti. Nyuma yao sauti ya uwanja wa besiboli ilikuwa imeshapona. "Milango minne, mabibi na mabwana! Wa tatu huu hapa, wa nne upo upande wa pili, haujaguswa! Yote ya kiwandani!" Na mtu mmoja wa foleni alisikika akiuliza kama atabadilishana na nyumba ya mbao.

"Na wewe ulijua?" Hermelinda aliuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini, mama?"

Hermelinda alifikiri kwa hatua kadhaa. "Nisingekuamini. Ningekuita mchawi." Akalitoa ua nyuma ya sikio, likiwa limenyauka, akalinusa. "Ila kwamba silo, nilijua mwenyewe leo asubuhi."

Idalmis alisimama. "Ulijuaje?"

"Lilifika. Lile letu halikufika. Lilizimika pale kona ya duka la dawa, na Abelardo akalisukuma na suti yake nyeupe mpaka ofisini, mimi nipo juu, napunga mkono."

"Mama! Na kalamu ukaishika?"

"Nilishikwa na mkojo, binti yangu. Na kabla ya mkojo nilikuwa nafurahi. Usinihoji."

Nyuma yao kelele za foleni zilipanda, zikifuatwa na kicheko. Waligeuka. Gari lilikuwa linakuja barabarani bila mlio wowote. Petroli ya chupa ya soda ilikuwa imekwisha. Reinerio alikaa kwenye usukani na tai yake, mlango wa tatu unapigapiga ubavuni, na nyuma, kichwa chini, mikono yote miwili kwenye bampa, Yosbel alikuwa analisukuma.

Hermelinda alilitazama likipita.

"Ee," alisema. "Sasa ndiyo linafanana nalo."